Daftari la Mhazini

Jalada jeusi, pembe zimeliwa na panya,
na ndani yake wamo wasichana saba
waliokodi chumba juu ya duka la mbegu, Anniston, Alabama,
mwaka wa thelathini na moja,
pamba haina bei,
na mwalimu mweusi akilipwa kwa hati ya ahadi.

Sikukuta maneno makubwa. Nilikuta hesabu.
Mishumaa, senti kumi.
Utepe wa zambarau, senti thelathini na tano.
Stempu. Stempu. Stempu.
Viatu vyeupe vya Lavonia, dola moja na senti ishirini,
na pembeni, kwa wino mwingine:
"Asiambiwe nani kalipa."

Waliotufundisha historia walianza na herufi tatu za Kigiriki,
ua letu, rangi zetu, nani alisimama wapi siku ya kiapo.
Mimi, mhazini wa kumi na nne, naanza na Lavonia
akiingia ukumbini, soli mpya zinalia,
anamtazama kila mmoja usoni asimpate wa kumshukuru,
ikambidi awashukuru wote.

Ukurasa wa thelathini: kodi ya kura ya Bwana Tolliver,
mfagiaji wa stesheni.
Malimbikizo ya miaka kumi na sita, kila mwaka dola moja na nusu.
Jumla, ishirini na nne.
Waliuza keki miezi mitano. Walisuka nusu ya mji.
Karani akampa kifungu cha katiba, akakisoma;
akampa kingine, akakisoma;
akamwambia ofisi imefungwa.
Ilikuwa saa nne asubuhi.
Vernice Pettway, mhazini wa kwanza, hakuandika "hasara".
Aliandika: "Tumekopesha."
Hadi leo najiuliza aliyekopeshwa ni nani.

Kisha kuna ukurasa usiokuwapo.
Ulichanwa kwa rula, kwa utulivu, si kwa hasira.
Lakini Vernice alikuwa na mkono mzito,
na karatasi ya chini haisahau kama watu.
Nililaza penseli, nikasugua polepole
kama anayempaka mgonjwa dawa,
likaibuka jina, jeupe katikati ya kijivu:
Almeta Gaines. Wanaokubali, watatu. Wanaokataa, wanne.
Sababu,
halafu hakuna kitu.

Sababu tunaijua.
Mfuko wa karatasi ya kahawia, ule wa kubebea sukari,
uliinuliwa karibu na shavu lake,
na shavu likaushinda mfuko kwa weusi,
yaani likashindwa.
Wasichana waliokatazwa kunywa kwenye bomba la wazungu
walichimba kisima chao, wakakitia kufuli.
Siwatukani. Walinilea.
Ila daftari lisilo na deni ni daftari la mwongo.

Undugu ni kufaana, si kufanana.
Yatazame maneno hayo: yametengwa na herufi moja.
Tulikuwa na tatu kifuani, zimetariziwa kwa uzi wa hariri;
iliyotushinda ni hiyo moja.

Na sasa hili, ambalo sikulitafuta.
Desemba 1938: A.G., Birmingham, dola moja.
Desemba iliyofuata, dola moja.
Vita vikaja, dola moja.
Watu wakagomea mabasi Montgomery, wakatembea kwa miguu mwaka mzima,
dola tano.
Miaka arobaini na mitatu, hakuna barua,
kutoka kwa mfuaji wa hospitali tuliyemnyima kiti.
Kwenye safu ya maelezo, maneno yale yale:
"Kwa atakayekuja na viatu vibovu."

Mwaka wa sabini na nne nilikuja mimi,
soli ya kushoto imeshikwa na gundi.

Jumamosi iliyopita wasichana kumi na mmoja walikula kiapo.
Mmoja, Tamsin, mwenye miwani iliyofungwa uzi,
aliniuliza tumekuwa wangapi tangu mwanzo.
Nilifungua ukurasa wa mwisho, nikajumlisha,
nikaongeza moja.
Sasa jumla hailingani na orodha.
Nimeiacha hivyo.